Dirisha la Dakika Arobaini

Kijiko kimoja cha chai kilikuwa hakionekani, kwa hiyo hakuna mtu aliyeruhusiwa kutoka nyumbani. Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni, akiwatazama mwanawe na mke wa mwanawe kama watu waliokutwa na kidhibiti.

"Kumi na kimoja," alisema. "Jana vilikuwa kumi na viwili."

"Mama, nitachelewa kazini," mwanawe alilalamika.

"Chelewa. Lakini uchelewe vikiwa kumi na viwili."

Bibi huyu alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini na mmoja, na kazi yake kubwa humo ilikuwa kuhesabu: pamba, mikasi, sindano, kila kilichoingia katika mwili wa mgonjwa na kila kilichotoka, kabla daktari hajaruhusiwa kushona. Alistaafu yeye, hesabu haikustaafu. Meza ilipinduliwa, mto wa kiti ukakung'utwa, na baada ya dakika kumi kijiko kikapatikana ndani ya mfuko wa aproni yake mwenyewe. Mtu mwingine angekirudisha kimyakimya. Yeye alikiinua juu wote wakione.

"Kilikuwa kwangu," alitangaza bila kupepesa jicho. "Hesabu imetimia. Nendeni." Kisha, mke wa mwanawe alipokuwa anavaa viatu, akaongeza, "Na wewe, mwizi wangu wa halali, leo unaiba wapi?"

"Siibi, Mama. Najaribu milango ya watu, kisha nawaambia wenyewe upi haufungi."

"Na wakikukuta ndani?"

"Nawaonyesha barua."

"Basi na wezi wa kuku nao watafute barua," alisema mama mkwe, akarudi kwenye masufuria yake.

Yule mke wa mwanawe aliicheka hadithi ya kijiko njia nzima. Kazini walimwita Mchokonozi, na jina lilimkaa kama lilishonwa kwa vipimo vyake. Taasisi na makampuni humwita aingie katika kompyuta zao kabla wezi wa kweli hawajaingia, na wiki ile alikuwa ameitwa na Benki ya Damu. Barua yao aliibeba ndani ya mfuko wa plastiki kama cheti cha kuzaliwa. Ilisema kwamba mwenye barua ameruhusiwa, kwa siku tatu, kujaribu mitambo yao kwa njia yoyote isiyoharibu kitu, asibadilishe rekodi ya mfadhili wa damu yeyote wa kweli, na asipitishe taarifa yoyote mahali pasipokuwa pao wala pake. Chini kulikuwa na mihuri miwili na saini ya Mkurugenzi. Bila karatasi ile, anayoyafanya yangekuwa jinai. Akiwa nayo, ilikuwa kazi kama kazi nyingine, yenye chai ya saa nne na maumivu ya mgongo.

Alikuwa stadi, na alijua kwamba ni stadi. Hilo si kosa. Mpishi anayeogopa moto ataunguza mboga mapema kuliko anayejiamini.

Walimpa chumba cha chini, kati ya stoo ya karatasi na chumba cha majokofu, ambako ukuta ulinguruma polepole mchana kutwa. Kiti kilikuwa na gurudumu moja bovu, kalenda ukutani ilikuwa ya mwaka juzi. Siku ya kwanza tu, kabla ya chakula cha mchana, alikuwa amekwisha kuingia katika kompyuta ya mapokezi, ile inayoandikisha wafadhili wanaokuja kutoa damu. Ilipaswa kuona majina na miadi. Iliona kila kitu. Akapiga picha ya ukurasa mmoja uwe ushahidi: watu ishirini, majina yao, makundi ya damu, na majibu ya vipimo vya maradhi ambayo huenda hata wake na waume zao hawakuyajua. Majina yalitakiwa kuzibwa kwa wino mweusi palepale. Alijisemea atayaziba kesho. Kesho, kama wasemavyo, ni ghala la wavivu, na siku ile hata hodari aliweka mzigo wake humo.

Swali la siku ya pili lilikuwa zito zaidi. Kuona ni jambo moja, kuandika ni jambo jingine. Jumatatu rekodi zile zingeunganishwa na hospitali zote, na wauguzi wangesoma kundi la damu kutoka hapo moja kwa moja. Kama kompyuta ya mapokezi iliweza kubadilisha kundi la damu, basi mtu yeyote mwenye nia mbaya, au hata karani mwenye usingizi, angeweza kumwua mgonjwa asiyemjua kwa kubonyeza herufi moja. Mchokonozi alikuwa na chombo kidogo cha kulijibu swali hilo, faili lisilozidi ukubwa wa picha moja. Ilibaki kulifikisha kwenye mashine ya mapokezi.

Hapo ndipo mafundi wa kazi hii hujulikana, kwa sababu njia za kupitisha faili ni nyingi na kila moja ina ubaya wake. Ziko tovuti za bure ambazo unapandisha faili upande huu na kulishusha upande wa pili, rahisi kuliko kumeza mate. Lakini hapo mzigo wa mteja unalala kwa mtu baki, na barua ilikuwa imekataza. Kuna flashi, lakini Mkuu wa Kompyuta wa pale alikuwa ameziba matundu yote ya flashi kwa gundi, kwa mkono wake mwenyewe. Kuna folda ya pamoja ya ofisi zote, ambayo makarani huingia na kutoka humo; faili geni likiwekwa pale, yupo atakayelibonyeza kwa udadisi tu. Unaweza pia kuligeuza faili kuwa herufi tupu na kuzibandika upande wa pili kipande kwa kipande. Njia hiyo ni salama, na inachosha kama kuhamisha mchanga kwa kijiko.

Akachagua njia ambayo wenzake wengi huipenda. Unafungua dirisha dogo kwenye kompyuta yako mwenyewe, unaweka faili dirishani, na ile mashine nyingine inakuja kulichukua. Amri moja, mstari mmoja, na mzigo hautoki nje ya jengo. Ulikuwa uchaguzi mzuri, na hata leo ukimwuliza atakwambia ulikuwa mzuri. Dirisha lile lina tabia moja tu: halichagui. Linaanika kila kilichomo katika folda uliyosimama wakati wa kulifungua, na yeyote aliye katika mtandao wa jengo anaweza kuja kuchungulia. Ndiyo maana alikuwa ametengeneza folda tupu kwa kazi hiyo.

Akafungua. Faili likaenda. Akalinganisha alama yake ya utambulisho huku na kule kuhakikisha halikupungua njiani, zikawa sawa herufi kwa herufi. Chombo kikajibu kwa neno moja: *Inaandika.*

Alianza kuandika ripoti papo hapo, vidole vikikimbia, akisahau chai, akisahau gurudumu bovu. Ripoti ile ilikuwa tamu. Dakika arobaini zilipita kabla hajarudi kufunga dirisha, na ndipo alipoiona rejista yake, ile orodha fupi inayoandika kila mgeni aliyekuja. Saa nne na dakika kumi na mbili: mashine ya mapokezi, imechukua chombo. Ndiyo. Saa nne na thelathini na moja: mashine nyingine, asiyoijua, imetazama orodha. Saa nne na thelathini na tatu: mashine hiyohiyo, imechukua *ushahidi siku ya kwanza.*

Hakuelewa mara moja. Kisha akatazama alikuwa amesimama wapi alipotoa amri. Hakuwa katika folda tupu. Alikuwa katika folda ya kazi nzima, iliyo juu yake, ambamo kulikuwa na nakala ya chombo pia. Ndiyo maana mambo yalikwenda laini. Kwa dakika arobaini alikuwa ameanika siri za watu ishirini mbele ya jengo zima, na kuna mtu alikuja akazichukua.

Akafunga dirisha. Alikasirika zaidi ya kuogopa. Kosa hili wanafunzi hufundishwa kuliepuka siku ya kwanza. Alikuwa amelifundisha yeye mwenyewe, kwa mzaha, na darasa likacheka.

Rejista ilibaki kwenye skrini. Haikuwa mahali pengine popote. Akifunga ukurasa ule, imekwenda, na ulimwenguni hakutakuwa na ushahidi kwamba dirisha lilifunguliwa vibaya, isipokuwa kwa huyo mmoja aliyechukua, ambaye naye labda hakujua alichokichukua. Saa nane kulikuwa na kikao na Mkurugenzi. Kadi za mwaliko za uzinduzi wa Jumatatu zilikuwa zimekwisha kusambazwa, na Mkurugenzi alikuwa anatafuta sababu ya kuitupa ripoti kama mwenye njaa anavyotafuta sufuria. Mpe sababu hiyo, na Jumatatu mfumo utafunguliwa na tundu lake. Mtu atakufa kwa sababu Mchokonozi alikuwa mkweli. Ndivyo kishawishi kilivyozungumza, na ubaya wake ni kwamba kilivaa joho la wema na likamkaa vizuri.

Akaweka kidole juu ya kitufe. Akakumbuka kijiko. Alichukia kukikumbuka, maana si vizuri mtu mzima mwenye vyeti vinne kuongozwa na kijiko cha chai. Lakini alimwona yule bibi na mkono wake juu, hana haya hata chembe, na akatambua kwamba katika miaka minane ya kuishi naye hajawahi kumwona amenyauka baada ya kusema *kilikuwa kwangu*. Kinyume chake. Alitoka jikoni amerefuka.

Alihifadhi rejista, akapanda ngazi.

Mkuu wa Kompyuta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei ambaye jengo zima lilimwita Mama Seva, wengine kwa heshima na wengine kwa kumwogopa. Rekodi zile alizijenga yeye, miaka sita iliyopita, karibu peke yake. Siku ya kwanza alimpokea mgeni wake kwa maneno tisa: "Ukiona tundu liko wazi, niite nije na gundi yangu." Baada ya hapo hakusema naye tena.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

"Acha nisimame. Nimefanya kosa, na limewagusa watu wenu." Akaeleza lote, bila kulipamba wala kulipunguza: picha ambayo haikuzibwa, folda, dakika arobaini, mgeni wa saa nne na thelathini na tatu. "Sijui ni mashine ya nani. Nataka tuitafute sasa hivi, kabla ya kikao. Na kikaoni nitalisema mwenyewe."

Mama Seva alimsikiliza huku akizungusha kalamu. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi, akailaza mezani. Ilikuwa picha ileile, imechapwa, na majina yote ishirini yalikuwa yamefutwa kwa kalamu nene nyeusi.

"Ni wewe," Mchokonozi alisema.

"Nani mwingine hapa anauangalia mtandao saa nne na nusu? Wote wako chai."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja. Nilikupa mpaka saa nane." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ungeingia kikaoni umenyamaza, ningekuanika kama shuka. Nilikuwa nimejiandaa kabisa. Nimevaa hata hereni." Ni kweli, alikuwa amevaa hereni. "Mimi mfumo huu nimeulea, mwanangu. Mtu akija kuniambia mtoto wangu ana chawa, usitegemee nimpende."

"Ana chawa, Mama."

Kalamu ikaacha kuzunguka.

"Mapokezi wanaweza kubadilisha kundi la damu," Mchokonozi alisema. "Sijagusa rekodi ya mtu. Chombo kimejibu tu kwamba inawezekana. Nitengenezee mfadhili wa uongo, nikuonyeshe."

Mama Seva alimtengeneza, akampa jina la Fulani bin Fulani, kundi O. Wakashuka wote wawili mapokezi, wakamwomba karani akapumzike kidogo, na Mchokonozi akakaa kwenye kiti chake. Haikuchukua hata dakika. O ikawa A. Hapakulia kengele, hapakutokea onyo. Skrini ilitulia kana kwamba Fulani bin Fulani alizaliwa hivyo.

Mama Seva alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa blauzi, akaivaa, akatazama tena.

"Tangu lini?"

"Nadhani tangu mwanzo."

"Miaka sita," alisema. Mchokonozi alimwonea huruma, huruma ya kweli, isiyo na ushindi ndani yake. Saa mbili tu nyuma angejisikia mshindi. Karani akachungulia kuuliza kama sasa anaweza kurudi.

Wakiwa kwenye ngazi, Mama Seva aliuliza, "Sasa ushahidi wako utautoa kwa njia gani? Maana madirisha yako nimeyaona."

Mchokonozi alikubali kuchomwa, alistahili. "Sitautoa. Taarifa za watu wenu zitabaki kwenye mashine zenu, chini ya ufunguo wako. Mimi nitatoka na maelezo ya njia tu. Yule Fulani bin Fulani anatosha."

"Hilo ndilo ungelifikiria jana."

"Ndiyo, Mama. Jana."

Chumba cha kikao kilikuwa ghorofa ya tatu, chenye kiyoyozi kilichokuwa na bidii kupita kiasi. Mkurugenzi, mwanamume nadhifu mwenye tabia ya kupanga vitu mezani kwa mstari, alikuwa ameweka kadi moja ya mwaliko mbele yake, imenyooka sawasawa na ukingo wa meza. Mchokonozi hakukaa. Alianza na kosa lake. Alilisoma kama lilivyokuwa katika ukurasa wa kwanza wa ripoti, lina saa na dakika, na sauti yake ilikuwa ileile aliyotumia kila siku kusoma makosa ya wengine. Jambo hilo lilimshangaza yeye mwenyewe.

"Ngoja kwanza," Mkurugenzi alimkatiza, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza siku ile. "Kwa hiyo hatari iliyogunduliwa katika jengo hili ni wewe."

"Ni mojawapo. Ndiyo maana imeandikwa ya kwanza. Ya pili ni kubwa zaidi."

"Sioni sababu ya kusikiliza ya pili kutoka kwa mtu ambaye..."

"Mkurugenzi." Mama Seva hakupaza sauti. Hereni zake tu ndizo zilizotikisika. "Huyu aliacha dirisha wazi dakika arobaini, nikaingia nikachukua. Akaja kuniambia kabla sijamwuliza. Mlango wetu sisi uko wazi mwaka wa sita, na aliyeujenga ni mimi, na sikuwahi kuja kukwambia kwa sababu sikuwahi kuutazama. Sikiliza ya pili."

Kiyoyozi kiliendelea na bidii yake. Mkurugenzi akawatazama, mmoja baada ya mwingine, akasikiliza ya pili.

Alipoona O ikigeuka A kwenye skrini ya ukutani, alitaka wajaribu kwenye rekodi yake mwenyewe, kwani naye alikuwa mfadhili, ili aamini. Mchokonozi alikataa. "Barua uliyoisaini hairuhusu kubadilisha rekodi ya mtu wa kweli," alisema, akaitoa katika plastiki yake na kuilaza mezani. "Hata yako."

Mkurugenzi aliisoma saini yake kwa muda mrefu kuliko saini inavyohitaji. Halafu akaigeuza kadi ya mwaliko, uso ukalala chini, akanyanyua simu na kumwambia katibu wake aanze kuwapigia wageni, awaambie uzinduzi wa Jumatatu umeahirishwa.

Saa kumi walikuwa chumba cha chini. Mchokonozi alikuwa na orodha ya kila kitu alichokiingiza katika mitambo ile kwa siku mbili, kila faili, wapi, saa ngapi, na sasa alikuwa anaviondoa kimoja kimoja. Mama Seva alikaa kwenye kiti cha gurudumu bovu, akiyumba kidogo, akitia alama kwa kalamu yake nene. Hakuna aliyemwomba aje.

"La tano."

"Limetoka."

"La sita."

"Limetoka. Angalia mwenyewe."

"Nimeangalia. La saba."

"Hilo ndilo chombo. Limetoka. Saba." Mchokonozi alijinyoosha mgongo. "Basi, na ile picha nimeifuta kwangu. Hesabu imetimia."

Mama Seva hakuinuka. Nyuma ya ukuta majokofu yalinguruma, yakanyamaza, yakanguruma tena.

"Bado," alisema. "Nakala niliyoichukua kwenye mashine yangu nimeifuta kabla ya kushuka. Lakini kuna hii." Akaingiza mkono katika mfuko wa sketi, akatoa ile karatasi, sasa imekunjwa mara nne. Aliikunjua, akaitazama mistari ishirini myeusi, kisha akaiingiza katika mashine ya kukatia karatasi iliyokuwa kwenye kona ya stoo. Ilimezwa polepole, kwa kelele nyingi kuliko ukubwa wake.

"Ilikuwa kwangu," alisema.

Mchokonozi alimtazama, akataka kucheka, akashindwa kumweleza kwa nini. Aliomba ile kalamu nene, akaongeza mstari wa nane, wa ile karatasi, chini ya orodha, akasogeza karatasi upande wa pili wa meza ili Mama Seva aweke alama.